Kuoga Kila Siku, na Maji ya Moto

Vijana, mmeniomba niwaachie maneno mawili matatu kabla sijawakabidhi ufunguo wa ofisi ya Kibomet, hapa Kitale, na tangu mniombe sijatulia. Ukurasa huu nimeuanza mara nne. Mara ya kwanza nilianza na aina za jaketi za kuelea. Mara ya pili nikaanza na kutapika kwenye mashua, mara ya tatu na maisha yangu, nikajichosha mwenyewe. Sasa naanza na kipande cha sabuni, kwa sababu nikifumba macho nikafikiria miaka yote niliyopeleka watu wa huku kwetu mpaka kisiwani kule pwani, wakaogelee na kutazama samaki chini ya maji, kitu cha kwanza ninachokiona ni sabuni. Sabuni ya mche, ya bluu, iliyokatwa kwa kisu cha jikoni, imeshikwa na mkono wa mwanamke anayezama.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea jiografia, na nilikuwa nimetembea na vyeti mpaka bahasha ikachanika pembe. Mimi ni mtu wa kuwaza. Simu ikilia nikakosa kuipokea, nimeshamzika mtu kabla sijampigia. Siku niliyokwenda kuomba kazi kwa Madam Chemtai niliwahi kwa saa moja na nusu, nikazunguka soko la Kitale mara sita nikifanya mazoezi ya kusema "habari ya asubuhi."

Madam Chemtai ndiye aliyeanzisha ofisi hii mnayoirithi. Alikuwa mama wa mlimani Elgon, mrefu, amefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kuanza kuandaa safari za vikundi: walimu, wakulima, wamama wa kanisa. Alinitazama, akatazama vyeti vyangu, akanitazama tena.

"Nasimiyu, mbona unatetemeka?"

"Nina wasiwasi, Madam."

"Wa nini?"

"Wa kila kitu."

Akafunga faili. "Basi utaanza Jumatatu. Mtu asiye na wasiwasi siwezi kumpa wamama wa watu awapeleke kwa maji."

Jumatatu akanipa daftari la mistari. Akapiga mstari katikati ya kila ukurasa kwa rula. "Kushoto andika unachoogopa," akasema. "Kulia andika dawa yake. Kitu kisipokuwa na dawa, hatutoki Kitale."

Hakuna zawadi niliyowahi kupewa iliyonifaa kama ile. Kwa wiki mbili niliandika bila kupumzika. Mtu akipotea stendi ya Mombasa: kitambaa chekundu mkononi kwa kila mmoja. Mtu akila pweza akaanza kujikuna: tembe za mzio. Mtu akikataa kushuka kwenye kivuko: ashikwe mkono na mtu wa umri wake, asishikwe na mimi. Papa: hapo upande wa kulia ulibaki mtupu siku tatu, mpaka Madam akachukua kalamu akaandika mwenyewe, "Nasimiyu aache kusoma vitabu vya kutisha."

Nilifika hofu ya sitini na kitu. Nawaambia haya ili mjue kwamba kilichotokea hakikutokea kwa uzembe. Kilitokea huku nimeandika kila kitu.

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha wamama kumi na wanane wa Naitiri, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Khaemba, mwanamke wa sauti ya kwaya, aliyeniita "msichana wetu" tangu siku ya kwanza kwa sababu kwetu ni Bungoma. Katibu alikuwa Mama Nafula, mfupi, mkimya, anayejibu swali baada ya kulifikiria. Nilipokwenda Naitiri kuwaona, niliwauliza kwa nini wamechagua bahari, si Nairobi au mbuga za wanyama. Wakamgeukia Mama Nafula. Wazo lilikuwa lake.

Akafikiri. Halafu akasema, "Mimi nina miaka hamsini na saba. Samaki wote nimeona ni marehemu. Wengine wamekauka, wengine wamekaangwa. Nataka mala moja tu nione mwenye anatembea."

Wakacheka wote. Yeye hakucheka.

Nikawaachia fomu. Fomu ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikaipiga taipu kwenye duka la fotokopi, na Madam akaisoma akatia sahihi. Iliuliza jina, umri, ugonjwa, dawa, mtu wa kupigiwa simu. Swali la mwisho lilikuwa hili: *Je, unaweza kuoga baharini?*

Nyinyi mmezaliwa huku, mtanielewa. Mtoto wa huku akienda kuruka mtoni Nzoia, akapiga maji miguu na mikono, mama yake akiuliza yuko wapi tunasema, "Ameenda kuoga." Na mtu akijisugua kwa beseni nyuma ya nyumba, pia ameoga. Ni neno moja. Chuoni nilisoma kwamba kuna kuoga na kuna kuogelea, lakini kujua neno ni kitu kimoja na kulitumia bila kufikiri ni kingine. Vidole vyangu viliandika lugha ya nyumbani.

Fomu ziliporudi, nilishtuka mara ya kwanza. Wote kumi na wanane walikuwa wamejibu ndio! Nilitarajia watatu, labda wanne. Na hawakuishia hapo. Mmoja aliandika, "Ndio, sana." Mwingine, "Ndio, hata Jumapili kabla ya kanisa." Na Mama Nafula, kwa mwandiko wake mzuri wa katibu: "Ndio. Naoga kila siku, asubuhi na jioni, na maji ya moto."

Hapo mtu mwingine angecheka akaelewa. Mimi nikawaza. Asubuhi na jioni! Mwanamke wa miaka hamsini na saba! Na haya maji ya moto ni yapi? Nikafikiri labda kuna chemchemi ya maji moto upande wa Tongaren, karibu na Naitiri, ambayo walimu wangu wa jiografia hawakuitaja. Sidanganyi, nilikwenda nikatafuta kwenye ramani. Sikuiona, nikalaumu ramani.

Kisha nikafungua daftari. Kushoto nikaandika: *Hawa wamama wanaogelea mno. Wataenda mbali, mkondo uwachukue.* Kulia nikaandika: *Kamba.* Nikaenda duka la vifaa pale mjini Kitale nikanunua kamba ya nailoni, ile ya kufungia ng'ombe, ndefu hatua thelathini nilizozipima mwenyewe kando ya barabara huku watu wakinitazama.

Hapa nisimame kidogo niwaambie jambo la mizigo, maana nikilisahau mtapata shida. Kagueni mifuko wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Safari moja ya baadaye nilipeleka wakulima wa Endebess, na mzee mmoja, Mzee Kiboi, alipanda basi la kurudi akiwa amebeba mtungi wa lita ishirini. Nilipomuuliza, akasema ni maji ya bahari.

"Ya nini, Mzee?"

"Ya ng'ombe. Hapa chumvi imemwagwa bure namna hii, na mimi kule nyumbani nanunua ya kulamba?"

Nilimwambia mtungi hautafika. Akaniambia mimi ni mtoto. Kifuniko kililegea kabla ya Voi, na mpaka Nakuru viatu vya watu wote vilikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Kagueni mifuko. Mimi siku ya wamama wa Naitiri sikuikagua. Nilitaja kwenye daftari dawa, maji ya kunywa, kofia, nguo za kubadilisha. Sikuwa na mstari wa kuuliza mtu amebeba nini cha kuogea, kwa sababu kichwani mwangu hakuna mtu anayebeba kitu cha kuogelea isipokuwa mwili wake.

Kisiwa tulichokwenda kiko kusini ya Mombasa. Mtakiona wenyewe, sina haja ya kukisifu sana: mchanga mweupe unaoumiza macho, minazi imejikunja, na mbele yake mwamba wa matumbawe ambako samaki hujaa. Tulipokelewa gatini na Nahodha Mbwana, mwenye mashua ya injini, mtu wa pwani aliyekonda kama mlingoti wa bendera na mwenye dharau ya upole kwa watu wote wa bara.

"Hawa wako wamezoea maji?" akaniuliza.

"Sana, Nahodha. Wote kumi na wanane."

"Wabara hawa?"

"Kila siku," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Akanyanyua nyusi. "Mashallah. Basi sitawaweka pale panapochezewa na watoto. Nitawapeleka kwenye ukuta wa matumbawe. Samaki wa kule ni wengine kabisa."

"Maji ni marefu?"

"Watu watatu, mmoja juu ya mabega ya mwingine."

Nikaiandika: watu watatu. Nikaona ni sawa. Hofu yangu ilikuwa wasije wakachoshwa na kina kifupi.

Tulivaa jaketi sote, hilo nashukuru. Wamama waliimba njia nzima. Mama Khaemba alitapika kidogo kando ya mashua, akapangusa mdomo akaendelea na ubeti palepale alipoachia. Tulipofika, nahodha alizima injini na kukawa kimya, na wote wakainama kutazama.

Maji yalikuwa safi kama hayapo. Chini kabisa tuliona mchanga, na matumbawe kama makabichi yaliyopandwa shambani, na samaki wa njano na bluu wakipita katikati.

"Nasimiyu," akasema Mama Khaemba, "si hii maji ni kidogo bana? Naona mpaka chini."

Hayo maneno niliyasikia. Nataka mjue niliyasikia. Nilidhani ni mzaha wa mtu anayejua maji. Lakini fikirieni mito yetu. Nzoia ni rangi ya chai. Huku kwetu ukiona mchanga wa chini, maji yako ya magoti, unavuka na ndama wako bila kupandisha nguo. Hakuna aliyewahi kumfundisha mama wa Naitiri kwamba kuna maji ambayo unaona chini yake na bado yanakumeza. Jicho lake lilimwambia ukweli wote anaoujua.

Nahodha alikwenda mbele kushughulika na nanga. Mimi nilikuwa naweka kamba tayari, nikipanga maneno ya kuwaonya wasiende mbali. Nikageuka. Mama Khaemba alikuwa amefungua mkoba wake. Akatoa taulo. Akatoa dodoki. Akatoa kipande cha sabuni ya bluu, akakinusa, akamwambia jirani yake, "Leo tutaoga mpaka tuwe weupe."

Wote walikuwa wanatoa sabuni.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilisoma fomu zote kumi na nane upya, kichwani, kwa mara moja: ndio sana, hata Jumapili, na maji ya moto. Nikafungua kinywa. Na kabla sauti haijatoka nikasikia nyuma yangu *chubwi*, si sauti kubwa, kama jiwe linapoingia kisimani.

Kwenye benchi la nyuma kulikuwa na jaketi moja la kuelea, limekunjwa vizuri, na viatu viwili juu yake. Mama Nafula alikuwa amelivua. Nani anaoga na jaketi? Alikuwa amejifunga leso kifuani, akashuka ngazi ya mashua kwa utaratibu, na kwenye daraja la mwisho akapiga hatua moja kama mtu anayeingia kijito.

Nilimwona wima chini ya maji. Hilo ndilo lililonishtua kuliko yote: maji yalikuwa safi hata nikauona uso wake. Hakuwa anapiga mikono. Nilidhani ananitazama kwa mshangao, kama mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo, na leso ilikuwa imefunguka inamzunguka, na mkono mmoja ulikuwa umeinua sabuni juu isilowe.

Watu husema katika hatari mwili hufanya wenyewe. Wangu haukufanya kitu. Nilijua ninatakiwa kuruka, na ndipo hofu ya mwisho ikanijia, ile ambayo katika kurasa zote sikuwahi kuiandika: mimi mwenyewe sijui kuogelea. Niliwaza watu kumi na wanane mpaka chemchemi ya maji moto, nikajisahau mimi.

"Kamba!" Nahodha alinipita kama upepo, akanyakua ncha moja ya kamba yangu. "Shikeni huku!" Akajitupa.

Wamama wakaelewa kabla yangu. Hawakujua bahari, lakini walijua kamba, na walijua kumtoa ng'ombe aliyetumbukia mtaroni. Mama Khaemba aliizungusha ncha kiunoni mwake, akakanyaga ubao, na wengine wakajipanga nyuma yake bila kuambiwa. Kule chini nahodha aliipitisha kamba chini ya kwapa za Mama Nafula, akainua mkono.

"Moja!" akapiga kelele Mama Khaemba. "Mbili! Vuta! Pole pole kwa mbavu! Vuta!"

Nami nikavuta, nyuma kabisa, nalia kwa sauti. Mtaniuliza ilichukua muda gani. Sijui. Nilizeeka.

Alipanda mashua kama gunia. Tukamlaza kwa ubavu, jinsi Madam Chemtai alivyonifundisha, mdomo ukielekea chini. Hakupumua. Mama Khaemba akaanza kuomba kwa Kibukusu, haraka haraka. Nikampiga mgongoni katikati ya mabega, mara tatu, mara nne. Kisha mwili mzima ukajikunja akakohoa maji, akakohoa tena, akavuta pumzi yenye mlio kama wa lango lenye kutu. Huo mlio ningeweza kuusikiliza mwaka mzima.

Akafungua macho. Akafikiri, kama kawaida yake.

"Chini," akasema, "hakuna chini."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka. Nahodha alikuwa amekaa kwenye ukingo, maji yanamtiririka, anahema. Aliutazama mkono wa Mama Nafula. Vidole vilikuwa bado vimekaza.

"Na sabuni," akasema, "hairuhusiwi humu. Ni hifadhi."

Basi wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliotoka kaburini, wakacheka mpaka mashua ikayumba na Mama Khaemba akatapika tena. Mimi sikucheka. Nahodha naye aliacha mapema, akaninyooshea mkono.

"Lete hizo karatasi zako."

Akasoma ya juu, akasoma ya pili. Alisoma swali langu kwa sauti, taratibu. "Unaweza kuoga." Akainua uso. "Kuoga, mwanangu?"

"Ndiyo."

"Kuoga, au kuogelea?"

"Nahodha... kwetu ni kitu kimoja."

Kisha akawageukia wamama. "Jamani. Nani hapa anajua kuelea juu ya maji bila kushika kitu, akatoka hapa akafika pale?"

Hakuna mkono uliopanda. Akanitazama. "Na wewe kiongozi?"

Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa umelala pajani.

"La ilaha illallah," akasema Nahodha Mbwana. "Nimewatia watu kumi na tisa kwenye ukuta." Akaanza kuivuta nanga. "Tunarudi gatini."

"Haturudi," akasema Mama Nafula.

Alikuwa ameketi, amefunikwa taulo za watu watano. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Mama, umetoka kufa sasa hivi," nikamwambia.

"Ndio najua. Si ni mimi nilikuwa huko?" Akakohoa. "Lakini nilifunga macho. Sikuona kitu. Nimetoka Naitiri kuja kuona samaki, nimekunywa bahari, na samaki sijaona. Hapana. Tafuta mahali yenye iko na chini, tuende."

Nadhani ndipo dharau ya Nahodha kwa watu wa bara ilipoisha. Maji yalikuwa yanakupwa, akatupeleka upande wa pili wa kisiwa kwenye fungu la mchanga, mahali maji yanapofika kiunoni, na matumbawe machache yamekaa hapo hapo. Hakuruhusu mtu kushuka kabla hajashuka yeye akasimama, tukaona maji yanamfika wapi. Shikeni hiyo. Kina cha bahari hakiulizwi kwa macho. Mtu asimame ndani kwanza.

Yale niliyojifunza saa ile ndiyo nimewafundisha watu miaka yote. Jaketi limefungwa, na mtu mwingine akague vifundo. Leso ibaki mashuani, fulana na baika, zile suruali fupi za kubana, zinatosha. Miwani ya kuzamia unaitemea mate kwenye kioo, unasugua, unasuuza, la sivyo itaingia ukungu.

"Ati niteme mate harafu niweke kwa uso?" akauliza Mama Khaemba. "Na nimeoga?"

"Hujaoga," akamjibu Mama Nafula. "Wamekunyang'anya sabuni."

Halafu mrija: unauma kwa meno, unafunga midomo, unasahau kwamba una pua. Kwanza pumua ukiwa umesimama, uso nje. Kisha uso ndani, miguu ikiwa bado mchangani. Ukihisi vibaya unasimama tu, basi. Hiyo "unasimama tu" ndiyo ufunguo wa kila kitu. Mwogopaji hahitaji kuambiwa asiogope, anahitaji kujua miguu yake iko wapi.

Mama Nafula alitaka kuwa wa kwanza. Nahodha alishika mkono wake wa kushoto, nami wa kulia. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu ishirini, zote nzuri. Lakini mkono wake ulikuwa baridi na ulikuwa unatetemeka kama nilivyotetemeka ofisini kwa Madam, na nikaona kwamba yeye pia anaogopa, anaogopa sana, na bado anaangalia maji. Nikavaa miwani.

Tukaweka nyuso chini pamoja.

Sitawaelezea nilichokiona, mtakiona. Nitawaambia nilichosikia. Kupitia ule mrija nilisikia sauti kama ya ndama anayeita. Alikuwa Mama Nafula, anaongea. Anaongea nao! Alisimama ghafla, akautoa mrija, na nikadhani amepaliwa tena.

"Nasimiyu! Wananiangalia!"

Aliingia na kutoka mpaka vidole vikakunjamana.

Kwenye basi la kurudi niliandika barua ya kuacha kazi. Niliiandika mara tatu, ili iwe fupi. Nilifika Kitale nikaenda moja kwa moja ofisini, nikaweka barua mezani na fomu ya Mama Nafula juu yake, nikasimulia yote nikiwa nimesimama. Madam Chemtai hakunikatiza. Nilipofika kwenye lile jibu la maji ya moto, nilingoja acheke. Alivua miwani yake, akaufunika uso kwa viganja viwili.

"Hii fomu nilisoma mimi," akasema. "Nikatia sahihi. Niliona 'kuoga' nikaelewa 'kuogelea,' kwa sababu na mimi ni wa huku. Wewe uliandika na mimi nikapitisha." Alikuwa muuguzi, na alijua vizuri kuliko mimi tulikuwa karibu kiasi gani. "Hiyo barua yako weka kando. Lete beseni."

"Beseni, Madam?"

"Beseni la maji. Na miwani, na mrija."

Nikalileta. Akaliweka juu ya meza, katikati ya makaratasi.

"Kuanzia leo hatumuulizi mtu kama anajua," akasema. "Anatuonyesha. Anza wewe. Uso ndani, pumua mpaka ishirini."

Nilifika saba. Na hiyo, vijana, ndiyo asili ya beseni la bluu lililo nyuma ya mlango, ambalo mmoja wenu aliuliza kama linaweza kutupwa. Haliwezi. Nimelibeba Endebess, nimelibeba Naitiri, nimeliweka kwenye nyua za makanisa. Halifundishi kuogelea, lakini linawaonyesha ni nani anaogopa, na mnahitaji kujua hilo kabla ya mashua, si baada. Kuogelea kwenyewe mimi nilijifunza mwaka uliofuata, kwa aibu, katika bwawa la hoteli, pamoja na watoto wa darasa la tatu walioniita "auntie wa kuzama."

Daftari langu pia nawaachia. Mtaona ukurasa ulioandikwa *Kamba*. Sikuufuta. Niliinunua kwa kosa kabisa, kwa hofu isiyokuwepo, na ndiyo iliyomtoa. Nimelifikiria hilo miaka mingi na bado sijui lina maana gani. Labda mtanieleza nyinyi.

Wamama wa Naitiri walirudi baharini miaka miwili baadaye. Niliwapelekea fomu mpya, ambayo nilikuwa nimeisoma kwa sauti kwa watu wa Kitale, wa Bungoma, na kwa simu kwa Nahodha Mbwana mwenyewe, mpaka akaniambia nimpunguzie. Swali la mwisho lilikuwa: *Je, unajua kuogelea, yaani kuelea na kusafiri majini bila kushika kitu wala kukanyaga chini?*

Ya Mama Nafula ilikuwa ya kwanza kurudi, kwa mwandiko ule ule wa katibu. Iko kwenye jalada la daftari, ndani.

"Hapana," aliandika. "Lakini kuoga, bado ni kila siku."